Madarasa yetu yanahitaji hewa

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi hapa Dodoma, na naomba nafasi niseme na kamati za ujenzi wa shule. Madarasa mengi tunayopewa kujenga hayana dari, bati limelala juu ya kenchi na madirisha ni madogo. Ikifika saa saba mchana mwalimu anajifuta jasho, watoto wa nyuma wamesinzia. Mvua ikinyesha hakuna anayesikia kitu.

Tazameni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Msanifu wake, Francis Kéré, ni mzaliwa wa kijiji hicho. Alitumia tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari nayo ni tofali, zimepangwa bila udongo wa kuunganishia ili joto lipenye lipande juu. Bati limeinuliwa mbali na dari kwa fremu ya nondo zilizochomelewa, upepo unapita katikati, na limetokeza nje kiasi cha kukinga kuta zisipigwe na mvua. Wanakijiji ndio waliojenga, na ufundi ukabaki kwao. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya wasanifu majengo.

Nondo tunazo, udongo tunao, wachomeleaji wapo kila mtaa. Naomba ramani ikiletwa, mwalimu na fundi waitwe waitazame kabla haijasainiwa, na swali la kwanza liwe: joto litatoka nje kupitia wapi?

Fundi mwashi,
Dodoma