Ile sentensi ya umoja, itoe

Dodoma, Jumanne usiku

Ndugu yangu Lusajo,

Salaam nyingi. Huku hatujambo: vumbi kama kawaida, na Bunge limeanza, kwa hiyo bei za vyumba usiulize. Mama Yusta anakusalimu, anasema deni la zabibu hajalifuta.

Mada yako ya mdahalo nimeisoma. Nzuri, ila sentensi moja itakuangusha: "ASEAN iliungana kuipinga AUKUS." Hiyo jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia iliungana wapi? Septemba 2021, Australia, Uingereza na Marekani zilipotangaza AUKUS, ushirikiano wao wa ulinzi wenye mpango wa nyambizi za nyuklia, Indonesia na Malaysia zilitoa tahadhari juu ya mbio za silaha, Ufilipino ikaunga mkono. ASEAN huamua kwa mashauriano na maridhiano. Wasipoelewana, tamko hulainishwa mpaka halimgusi mtu, au halitoki kabisa, kama mawaziri wao walivyoachana Phnom Penh 2012 kwa mzozo wa Bahari ya Kusini ya China.

Wapinzani watakurushia Mkataba wa Bangkok wa 1995, wa nchi hizohizo za Kusini-Mashariki mwa Asia. Usikubali haraka. Unakataza silaha za nyuklia, na hizo nyambizi zinaendeshwa kwa nyuklia lakini silaha zake ni za kawaida. Tena Ibara ya 7 inaiachia kila nchi iamue yenyewe kupokea meli na ndege za kigeni. Umoja unavujia hapo. Na usiwacheke Waasia, maana Mkataba wa Pelindaba wa 1996, wetu Waafrika wa kukataza silaha hizohizo, umeacha mlango uleule katika Ibara ya 4.

Ukitaka mfano wa nyumbani, shika AFRICOM, kamandi ya jeshi la Marekani kwa Afrika. Mwaka 2007 mawaziri wa ulinzi wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, walisema nchi za kanda zisiikaribishe, na makao yake yapo Stuttgart, Ujerumani, hadi leo. Sasa usishangilie mapema! Kukataa makao makuu ni kazi nyepesi. Mafunzo, ndege kutua, hadhi ya askari wageni, hayo husainiwa na nchi mbili chumbani, kanda haiitwi. Kenya ilipopewa mwaka 2024 hadhi ya mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO, haikuhitaji ridhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha. (Hadhi hiyo haina ahadi ya kulindana vitani, wengi huchanganya, Bakari akiwamo.) Sisi nasi tumo kwenye Mkataba wa Kulindana wa SADC, uliosainiwa Dar es Salaam 2003. Kenya haimo, ingawa kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tuko meza moja.

Kwa hiyo kila tamko utakalonukuu, angalia kitenzi kwanza: "ilibaini" na "iliazimia" haviko sawa. Kisha tafuta mikataba ya nchi mojamoja iliyosainiwa kabla na baada. Ibara ya 7... hiyo ninge­anza nayo kabisa, sijui wewe.

Umepewa dakika ngapi? Unafungua au unajibu? Majaji ni walewale wa mwaka jana? Na Bakari atakuwa upande gani, wako au wa pili?

Wako,
Chilewa