Gundi ya mabaki ya ngozi: tenganisheni kabla ya kromu

Mhariri,

Madai kwamba taka yoyote ya kiwanda cha ngozi inaweza kupikwa ikawa gundi ni ya kweli nusu tu. Gundi hutokana na kolajeni, yaani protini ya ngozi, na kolajeni hiyo hupatikana kwa urahisi kwenye mabaki ya kabla ya kromu (chumvi ya kusindika ngozi isioze): nyama na utando uliokwanguliwa, na kingo za ngozi zilizokatwa baada ya kulowekwa katika chokaa. Yale maranda ya rangi ya buluu yanayotoka kwenye mashine ya kusawazisha unene yamekwisha kufungwa na kromu, na hayatoi gundi hata uyachemshe kutwa. Yanahitaji alkali, kwa mfano oksidi ya magnesi, na bado utabaki na tope la kromu la kushughulikia. Kuyachoma ni kubaya zaidi, kwa kuwa sehemu ya kromu inaweza kugeuka ile ya aina inayosababisha saratani. Kwa hiyo mapipa mawili, tangu mezani.

Mabaki ya chokaa yaoshwe kwa maji mengi yanayobadilishwa tena na tena. Hapa wengi hukimbilia asidi ili kuondoa chokaa, na ndipo hatari ilipo. Ngozi iliyonyonyolewa kwa salfidi ya sodiamu ikikutana na asidi hutoa gesi ya harufu ya yai viza, ambayo huua, na kabla ya kuua hulemaza pua usiisikie tena. Salfidi itoke kwanza, na kazi ifanyike penye hewa tele. Kisha ndipo itiwe asidi hafifu, kidogo kidogo. Kata kipande kinene na udondoshee fenolftaleini (dawa ya kupimia alkali) katikati: ikiwa nyekundu ya waridi, chokaa bado imo, na gundi itatoka isiyo angavu na kushika vibaya.

Maji yafunike mabaki tu. Mpiko wa kwanza uwe nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, saa nne hadi sita. Huo ndio hutoa gundi kali kuliko yote. Mimina supu hiyo, ndiyo gundi, kwenye chombo chake, tia maji mapya, pandisha hadi 75. Usichanganye na ya kwanza. Ikitokota, nyuzi za kolajeni hukatika, na gundi huwa dhaifu hata kama inaonekana nzuri. (Kipimajoto ni bei rahisi kuliko pipa la uji usionata.) Engua mafuta, chuja, punguza maji kwa moto mdogo, mimina kwenye trei.

Ikiganda, kata vipande vyembamba uvianike juu ya wavu penye upepo, si juani. Ikipita nyuzi 30 hivi huyeyuka na kudondoka. Ikichelewa kukauka, vijidudu huigeuza maji yanayonuka. Penye joto, anikeni usiku, kwa feni.

Mtumiaji ailoweke katika maji baridi, sehemu moja kwa mbili, usiku kucha, kisha aipashe hadi 60 katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji. Inafaa samani za ndani na kujalidi vitabu. Milango ya nje isiguswe nayo, kwa sababu unyevu huilegeza.

Mafundi wa ngozi