Seli za mtoaji figo si mwisho wa vidonge

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu habari za seli za damu ya mtoaji figo, ambazo hutibiwa maabara kisha hutiwa mwilini mwa mgonjwa kabla ya upasuaji ili mwili wake usiikatae figo mpya. Habari hizo ni za kweli, lakini namna zinavyosimuliwa humfanya mgonjwa aamini kwamba siku za kumeza vidonge vya kushusha kinga ya mwili zimekwisha, na hapo ndipo hatari ilipo.

Jaribio lenyewe lilifanyika Heidelberg, Ujerumani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Wagonjwa walikuwa 10 tu, wote wakipewa figo na watu walio hai. Madaktari walichukua seli nyeupe za damu ya mtoaji, wakazitibu kwa mitomaisini, ambayo ni dawa ya saratani, kisha wakamtia mgonjwa seli hizo mshipani siku 2 au 7 kabla ya upasuaji. Kusudi ni kwamba seli zilizopitia dawa hiyo, badala ya kuichochea kinga ya mgonjwa, ziizoeshe kumvumilia mtoaji yule mmoja, huku ikiendelea kupambana na vijidudu kama kawaida. Katika siku 30 za uangalizi hakuna figo iliyokataliwa, na waliopata dozi kubwa siku 7 kabla walikuja kuhitaji dawa kidogo sana za kushusha kinga. Kidogo, si kwamba hawakuhitaji kabisa.

Wazo hili lina mizizi ya zamani. Madaktari waliwahi kuogopa kuwaongezea damu wanaosubiri figo, wakidhani kinga ingezidi kuwa kali, mpaka mwaka 1973 watafiti Gerhard Opelz na Paul Terasaki walipoonyesha kwamba figo za walioongezewa damu zilidumu zaidi. Dawa kali za kushusha kinga zilipokuja, jambo hilo likawekwa kando. Nadhani liliwekwa kando mapema mno, kwa sababu dawa hizo hushusha kinga yote bila kuchagua: huacha mlango wazi kwa maambukizi na saratani, na baadhi yake, kama vile siklosporini, huidhuru figo ile ile zinayoilinda.

Lipo pia swali ambalo wasimuliaji hulipita haraka. Seli lazima zitoke kwa mtoaji yule yule, na lazima zitangulie upasuaji kwa siku kadhaa. Ndugu anayempa ndugu yake figo anaweza kupangiwa tarehe. Figo ya marehemu haiwezi kungoja wiki nzima, kwani hupaswa kupandikizwa katika muda unaohesabiwa kwa saa. Kwa hiyo wagonjwa wengi wanaotegemea figo za waliofariki hawawezi kunufaika na utaratibu huu kama ulivyo sasa.

Ninaomba waandishi wenu waeleze mipaka hiyo kila wanapoigusa mada hii, hasa kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kupandikizwa figo miaka iliyopita. Yeye hakutiwa seli zozote kabla ya upasuaji, na kinga yake haijazoeshwa chochote. Akiacha vidonge kwa sababu ya kichwa cha habari, anaweza kuipoteza figo yake.

Wako,
Msomaji