Kwa nini hatuweki vinia siku ile ile unapoingia kliniki

Mwezi uliopita mama mmoja alisimama mbele ya meza ya mapokezi, akawaonyesha wateja waliokuwa wakisubiri jino lake la mbele lililomeguka pembeni, kisha akatangaza kwamba tulimuuzia plastiki kwa bei ya dhahabu. Maneno ya namna hiyo tumeyasikia mara nyingi mno, ndiyo maana tumeona heri tueleze kwa maandishi vinia za kompositi, yaani tabaka jembamba la kufunika uso wa jino, ni kitu gani, na kwa nini jino moja kwetu ni shilingi 150,000 wakati mtaani yupo anayetangaza kubandika meno sita kwa bei hiyo hiyo.

Mama yule alikuwa na ukweli kiasi. Kompositi ni resini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kioo, jamii moja na ile tunayozibia jino lililotoboka. Hupakwa juu ya uso wa jino tabaka kwa tabaka, ikachongwa kwa mkono humo humo kinywani na kugandishwa kwa taa ya bluu. Vinia za kaure hutengenezwa maabara na mara nyingi hudai jino likwanguliwe kwanza; kompositi kwa kawaida haihitaji hata sindano ya ganzi, na ikimeguka hurekebishwa hapo hapo. Ila hushika rangi na huchakaa mapema: ikitunzwa, tunategemea miaka 5 hadi 7, ilhali kaure nzuri huvuka 10. Hayo tunamweleza kila mteja kabla hajalipa chochote.

Wengi wa wanaotujia ni wenyeji wa huku kwetu Arusha, waliokulia Usa River, Maji ya Chai, Ngare Nanyuki na vijiji vingine vinavyouzunguka Mlima Meru, ambako miamba ya volkano huyatia maji madini mengi ya floraidi. Mtoto akiyanywa katika miaka ambayo meno ya kudumu yanaumbika ndani ya taya, meno hayo huota yakiwa na mabaka meupe kama chokaa au michirizi ya kahawia. Doa hilo limo ndani ya enameli yenyewe, lile ganda gumu la nje ya jino, kwa hiyo dawa ya meno hailiondoi, mkaa hauliondoi, na limau lenye magadi ndiyo kabisa, kwani hula enameli ambayo haioti tena. (Kwa wazazi wanaotuuliza: kuchemsha maji hakupunguzi floraidi, maana maji hupungua kwa mvuke na madini yakabaki sufuriani.)

Meno ya aina hii ndiyo yanayotupa kazi kubwa. Ngozi ya juu ya enameli iliyoathiriwa na floraidi hukataa asidi, na bila asidi kuichimba vitundu vidogo vidogo, gundi haina pa kushika. Jino la kawaida tunalipaka asidi ya fosforiki kwa nusu dakika au pungufu. Jino lenye floraidi tunalikwangua kidogo sana juu, kisha tunaipa asidi muda mrefu zaidi, tunaosha, tunakausha, na tunatazama kama uso umekuwa mweupe wa vumbi la chaki. Usipokuwa hivyo, tunarudia. Baada ya hapo tone moja tu la mate likigusa jino kabla ya gundi, tunaanza upya, na ndiyo sababu tunakufunika mdomo kwa ule mpira ambao wateja wengi wanaulalamikia. Juu ya doa la kahawia hutangulia tabaka lisilopitisha mwanga, ndipo ije rangi yenyewe. Jino moja huchukua takriban saa nzima.

Kabla ya yote hayo kuna kusafisha ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye meno, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Mteja anafika Alhamisi, harusi ni Jumamosi, anataka turuke kusafisha ili aokoe muda na pesa. Fizi zilizovimba kwa ugaga hutoka damu zikiguswa tu, na damu ni adui wa gundi kama mate yalivyo. Tuliwahi kumkubalia bibi harusi mmoja, miaka ya mwanzo ya kliniki hii, kwa sababu alilia. Picha zilipendeza. Miezi minne baadaye vinia tatu zilikuwa zimebanduka na nyingine ina mstari mweusi kwenye ukingo wa fizi, tukalazimika kuzirudia zote kwa gharama yetu. Tangu siku hiyo tunasafisha kwanza, na mteja anarudi baada ya wiki moja hadi mbili, fizi zikishatulia.

Njia ya mkato iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya saluni. Kijana mmoja alikuja kwetu akilalamikia harufu ya kinywa, na meno yake sita ya mbele yalikuwa yameunganishwa kama kigae kimoja. Uzi wa kusafishia haukupita popote, na fizi zilivuja damu kabla hatujazigusa. Aliyembandikia alitumia taa ya kukaushia kucha. Kompositi nyingi za meno hugandishwa na mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 470, na taa za kucha hutoa mwanga wa zambarau ulio mbali na hapo, hivyo juu paliganda na chini pakabaki laini. Kuitoa resini hiyo kulituchukua muda mrefu kuliko kuweka mpya, kwa kuwa ina rangi ya jino na mpaka wake hauonekani. Ukiteleza kidogo unakata enameli. Alitulipa kwanza ya kubandua, kisha ya kutibu fizi, kisha ya kuweka upya. Hesabu afanye msomaji.

Kuhusu rangi, tunaichagua mwanzoni kabisa, jino likiwa bado na unyevu, kwa sababu mdomo ukikaa wazi dakika chache jino hukauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo. Anayejitazama kwenye kioo mara tu tunapomaliza huona vinia na meno ya jirani havilingani, asubiri kesho. Na anayetaka kung'arisha meno kwa dawa afanye hivyo kabla, kisha akae wiki mbili ndipo tubandike. Dawa hiyo haiibadilishi kompositi, na tumempokea dada aliyeinunua baadaye, meno yake yakang'aa na vinia zikabaki nyuma kama viraka.

Tukirudi kwa mama yetu wa mapokezi, tulimketisha kitini na kumpa karatasi ya bluu ang'ate. Alama ikatokea moja kwa moja pale palipomeguka: jino la chini lilikuwa likiigonga ile pembe kila anapotafuna upande mmoja. Kipimo hicho tulikifanya siku tuliyombandikia vinia, lakini hurudiwa baada ya wiki moja, mtu akishazoea kutafuna na meno mapya, na miadi hiyo, ambayo haina malipo, yeye hakuihudhuria. Nasi hatukumpigia simu kumkumbusha. Tukapunguza pembe, tukaongeza resini, tukasugua hadi ikang'aa. Ilichukua dakika 40 na hatukumtoza. Alipokuwa akitoka aliuliza kama meno ya chini nayo yanaweza kufanyiwa, tukamwandikia tarehe ya kusafisha ugaga, na safari hii mhudumu wetu ndiye atakayempigia.