Nyota isiyometameta

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mara ya mwisho uliniuliza kwa nini watu wahangaike kujenga madarubini makubwa hapa ardhini ilhali hewa inaharibu picha, nami nikakujibu kwa mkato. Jibu lile halikutosha.

Kule kumetameta kwa nyota tunakokusifu ndiko shida yenyewe. Mwanga husafiri maelfu ya miaka ukiwa umenyooka, halafu unapokaribia kabisa kufika unakutana na hewa ya joto na ya baridi zikivurugana, unapindwapindwa. Ndiyo maana kioo cha mita 8 hukusanya mwanga mwingi ajabu, lakini kwa ukali wa picha hakiishindi sana darubini ndogo ya sentimita 20. Inauma!

Mwaka 1953 mwanaastronomia Mmarekani Horace Babcock alipendekeza dawa: pima jinsi mwanga ulivyopindika, kisha kunja kioo kinyume chake. Vifaa vya wakati wake havikuweza kazi hiyo.

Sasa vinaweza. Kule Paranal, Chile, darubini iitwayo Yepun hurusha miali minne ya leza ya rangi ya chungwa, nayo huziwasha atomu za sodiamu zilizo kilomita 90 juu, zikawa nyota za bandia za kupimia hewa. Kioo chake cha pili kina upana wa mita 1.1, unene milimita 2 tu! Nyuma yake vimepangwa visukumio 1,170, yaani vifaa vidogo vya kukisukuma na kukikunja, na kabla hujapepesa jicho kimeshabadilika umbo mara mia na zaidi.

Kwa mbinu hii wanaastronomia waliweza kufuatilia nyota moja moja katikati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. Mojawapo, S2, hukizunguka kitu kisichoonekana mara moja kila miaka 16 hivi, kitu chenye uzito wa takriban majua milioni 4. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa kazi hiyo mwaka 2020. Na huko huko Chile, juu ya Cerro Armazones, inajengwa darubini yenye kioo cha mita 39, vipande 798. Kioo chake chenye kujikunja kitakuwa na visukumio zaidi ya 5,000. Naisubiri kwa hamu kubwa.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha mbili za sehemu moja ya anga. Anza na ile yenye doa lililovimba, ulitazame vizuri. Kisha geuza ya pili, uhesabu nyota.

Wako daima.