Picha ya mtoto aliyepewa msaada si risiti

Mhariri,

Mimi ni mpiga picha hapa Kihonda, Morogoro. Kazi yetu huchangamka kuanzia Septemba, darasa la saba wanapoagana na shule, hadi Desemba, chekechea wanapovishwa majoho yanayoburuza chini. Kwa hiyo ninayoyaandika yanagusa riziki yangu mwenyewe. Sisemi watoto wasipigwe picha. Wapigwe! Mzazi aliyehangaikia ada mwaka mzima ana haki ya kumwona mwanawe akipokea cheti. Ninachokilalamikia ni safari ya picha hiyo ikishatoka mikononi mwangu.

Enzi za mkanda nilikuwa nasafisha picha, mzazi analipa, anaondoka nayo. Ikiingia kwenye albamu imefika mwisho wa safari. Ataoneshwa mgeni aliyekuja na soda mkononi, basi. Siku hizi shule inataka memori kadi nzima jioni ileile, na kabla sijapanga vifaa vyangu picha zimeshapandishwa mtandaoni. Mtoto wa miaka mitano anaonekana uso wote, majina yake matatu yameandikwa kwenye utepe wa kifuani, sweta lina nembo ya shule, na nyuma yake limesimama gari la shule lenye orodha ya mitaa linakopita. Mtu mwenye nia mbaya ameshajua amwite nani na amngoje kona ipi. Halafu mama anaichukua picha hiyohiyo, anaiweka status na kuongeza tarehe ya kuzaliwa.

Hata hivyo mahafali yana nafuu, kwa sababu mtoto yuko kwenye furaha yake. Kinachonikosesha usingizi ni picha za misaada. Wageni wanakuja na fulana zinazofanana, bango linafungwa kwenye mti, watoto wanapangwa mstari. Kila mmoja anapewa daftari na sabuni, anaambiwa aishike juu kidogo, atabasamu, arudie maana bango halikuonekana vizuri. Kwenye vituo vya kulea yatima ni hivyohivyo, na chini ya picha wanaandika historia ya mtoto: baba alikufa kwa nini, mama yuko wapi, anaugua nini. Mambo ambayo kwao yangesemwa kwa sauti ya chini, ndani ya ukoo tu, hapo yanasomwa na yeyote mwenye bando.

Kuna mama mmoja alikuja studio kwangu akiwa amemshika mkono binti wa dada yake, yuko darasa la sita. Binti alipigwa picha siku ya kugawiwa taulo za kike, pakiti ameinua usawa wa kidevu. Picha ilienea, na wavulana wa darasani wakampa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Alikuwa anakataa kwenda shule. Mama huyo aliniomba niifute. Sikuwa mimi niliyeipiga, ilipigwa kwa simu ya mmoja wa wageni, lakini watu wengi wanaamini mpiga picha ndiye mwenye funguo za mtandao. Tulimtafuta aliyeiweka, akaiondoa kwa ustaarabu kabisa. Nakala zilizokuwa kwenye simu za watu hakuna wa kuziondoa.

Wenye misaada wana jibu moja: wafadhili wanataka ushahidi. Sawa. Ushahidi wa mzigo kufika ni hati ya makabidhiano yenye mhuri na saini ya mwalimu mkuu. Kama lazima picha iwepo, pigeni ya maboksi yakiwa mezani, mwalimu na mgeni wakipeana mikono. Hao ni watu wazima, wanaweza kukataa. Mtoto wa miaka kumi aliyeambiwa na mwalimu wake asimame hapa na acheke, atakataaje? Nimewaona wanaotazama chini. Huwa ndio wanaoambiwa, "We, inua uso."

Na sheria ipo, hatusubiri itungwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo zinahitaji ridhaa ya maandishi. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Wenzetu wa Kenya wameshaonesha kwamba hili si la makaratasi tu: Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Ningependa kila mwenye shule binafsi azibadili hela hizo kuwa za kwetu, kisha akae chini.

Najua baadhi ya shule zitasema ridhaa wanayo. Nimeiona ilivyo. Iko kwenye fomu ya kujiunga, imebanwa kati ya rimu ya karatasi, ufagio wa chelewa na ndoo yenye mfuniko: "shule inaweza kutumia picha za mwanafunzi." Mzazi anatia saini yote kwa pamoja huku akiwazia ada. Ridhaa ya picha iwe karatasi yake peke yake, ioneshe picha itatumika wapi, na anayejibu hapana mwanawe asiachwe nje ya picha ya darasa. Ile ya darasa ichapwe, igawiwe, isipandishwe. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Wa darasa la nne anajua vizuri anachokionea haya.

Nigusie pia matangazo ya watoto waliopotea, ingawa najua nitalaumiwa. Yasambazwe, tena haraka, yanasaidia. Lakini mtoto akishapatikana, aliyelianzisha aliondoe na awaombe wengine wafute. Hadi leo ninatumiwa tangazo la mtoto ambaye namwona kila asubuhi akipita dukani kununua maandazi.

Tume nayo ninaiomba isiishie kwenye mabenki na kampuni za simu. Ishuke kwa maofisa elimu wa kata na kwenye vikao vya wazazi, na ituite sisi wapiga picha. Hakuna aliyewahi kutuuliza tunahifadhi nini. Wapo wenzangu wenye kompyuta zilizojaa sura za watoto wa shule kwa miaka mingi, hazina hata neno la siri, na fundi akiitwa kuzitengeneza anaondoka nazo hadi kesho kutwa.

Kwa upande wangu, msimu huu shule itakayonikodi itapata picha za jukwaani na za jumla. Za mtoto mmojammoja nitamkabidhi mzazi wake mkononi, au nitamtumia kwenye namba yake mwenyewe. Mkuu wa shule mmoja ameniambia kwa masharti hayo atamtafuta mwingine. Wawili wamekubali, na mmoja ameuliza kama bei itapungua. Haipungui.

Mpiga picha,
Kihonda, Morogoro.