Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Uzio

Assalaam aleikum ndugu zangu wanachama.

Niombe radhi kwanza kwa kuchelewa. Katibu alitaka taarifa ifuate mpangilio wetu wa kila mwaka: wanachama wapya, kazi tulizofanya, hesabu, kisha mengineyo. Nimejaribu mara mbili nikashindwa. Jambo lililotushughulisha mwaka huu ni moja, uzio wa mbele ya jukwaa, na ndilo nitakaloanza nalo. Hesabu ziko huko chini, wala hazikimbii.

Wengi wenu mlikuwapo Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, usiku ule wa muziki. Jukwaa lilikuwa letu, spika zetu, taa zetu. Vyuma vya mbele vililetwa na mwandalizi mwenyewe: vile vyepesi vya miguu miwili ambavyo polisi hupanga barabarani wanapofunga njia. Mbele ya vyuma, kama ilivyo ada yetu hapa Amu, watoto walitandikiwa mikeka wakakaa. Nyuma yao kina mama, na nyuma zaidi vijana waliojaa mpaka kwenye ngazi za ngome. Mwimbaji wa mwisho alipotokea, waliokuwa ngazini wakashuka wote kwa pamoja. Hakuna aliyegombana wala aliyekimbia. Vipande vinne vya vyuma vikalala chini, mtoto mmoja akanaswa mguu, na mwenzetu aliyerukia kumtoa akavunjika kifundo cha mkono. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Mwenzetu hakubeba spika kwa miezi mitatu, na chama kilimlipia matibabu kama katiba yetu inavyotaka.

Niseme wazi kwamba vyuma vile niliviona tangu alasiri. Nilivitikisa kwa mkono mmoja vikatikisika. Nikajiambia sisi ni watu wa jukwaa, ya mbele ya jukwaa hayatuhusu. Hilo ndilo kosa langu la mwaka.

Kesho yake mjini ilisemwa kwamba palikaribia kutokea mkanyagano. Neno hilo nimelifikiria sana. Ukisikia mkanyagano unaona watu wanakimbia, mmoja anaanguka, wengine wanapita juu yake. Kwa hiyo tukijiandaa, tunajiandaa kwa mbio: tunatazama njia za kutokea na kuwaomba watu wasitaharuki. Lakini mbele ya jukwaa hakuna anayekimbia. Watu wamesimama wanaimba, na walio nyuma wanasogea hatua moja tu kwa sababu nao wanataka kuona. Hatua hiyo ikipokezanwa na mamia ya watu, hufika mbele ikiwa nguvu isiyo na mwenyewe. Aliyebanwa huenda hata asianguke. Kifua chake ndicho kinachokosa nafasi ya kupanda na kushuka, pumzi inamwishia akiwa wima, na aliye ubavuni mwake anaweza asijue, maana kelele ni nyingi na kila mtu ameinua uso.

Tarehe 30 Juni 2000, kwenye tamasha la Roskilde nchini Denmark, vijana 9 walikufa hivyo mbele ya bendi ya Pearl Jam; umati ulisukumana, wengine wakaanguka kwenye ardhi iliyolowa, wakakosa hewa. Tarehe 5 Novemba 2021 huko Houston, Marekani, tamasha la Astroworld liliua watu 10, mdogo wao akiwa mtoto wa miaka 9. Waliopima maiti walitoa jibu moja kwa wote: kubanwa hadi kukosa hewa. Na Houston uzio ulikuwapo, tena wa maana. Shida ni kwamba wengi waliokufa walikuwa katika eneo moja lililozingirwa na vyuma pande tatu, na upande wa nne watu walizidi kuingia. Uzio wa namna hiyo ni zizi. Huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1989, mashabiki wa mpira 97 walipoteza maisha kwa sababu ya mbano kama huo kwenye uwanja wa Hillsborough, wavu wa chuma ukiwa mbele yao.

Kwa hiyo mwanachama aliyeniambia kikaoni, "Mwenyekiti, tununue vyuma vizito basi, tumalize," nilimwambia uzito si jibu.

Uzio wa kweli wa mbele ya jukwaa hushikiliwa na watu wenyewe wanaousukuma. Ukiutazama kwa ubavu, una ubao wa chuma uliolala chini kuelekea kwa watu, ukuta wa wima unaomfika mtu mzima kifuani, na mihimili ya mshazari upande wa nyuma. Anayesukuma amesimama juu ya ule ubao, hivyo uzito wake mwenyewe unauzuia uzio usipinduke. Kadiri wanavyojaa ndivyo unavyokita. Uso wake ni bapa, bila fito za kunasa mguu wa mtoto au ncha ya buibui. Nyuma kuna kidaraja cha kukanyaga, ili mwokoaji asimame juu, ainame, amshike mtu makwapani na kumvuta. Vipande hufungwa kwa bolti, kimoja kikishika kingine. Kipimo kinachotumika Ulaya ni kwamba kila mita moja istahimili msukumo wa karibu kilo 500 kwa kimo cha mita 1.2. Kwa lugha ya dikoni, penye kushushwa mizigo: mifuko kumi ya simiti imeegemea kila hatua moja ya uzio, usiku kucha.

Na baina ya uzio na jukwaa ni lazima ibaki njia. Mwandalizi yule wa Mkunguni aliiona njia hiyo ni hasara, akaijaza viti vya wageni wa heshima. Njia hiyo ndiyo kazi yenyewe ya uzio: humo ndimo aliyezidiwa hupitishwa kupelekwa ubavuni kwa watu wa huduma ya kwanza, humo ndimo maji hugawiwa. Pia nilimwonyesha kwamba mabaunsa wake wote walikuwa wameugeuzia umati mgongo, wanamtazama mwimbaji. Anayesimama humo hutazama nyuso za watu. Nimependekeza kazi hiyo tuwape mahamali wa gatini. Kuinua mtu mzima juu ya ukuta wa kifuani, kwa mtu aliyezoea kupokea magunia kutoka mashuani, si jambo.

Mwezi wa tano tulifanya zoezi kwenye ua wa madrasa. Tulichora miraba ya mita moja kwa chaki tukaanza kuijaza. Watu 4 walisimama wakazungumza bila taabu. Wa 5 alipoingia, mabega yakagusana. Kwa 6, mweka hazina wetu, ambaye mnajua umbo lake, hakuweza kuinua mkono kujifuta jasho. Wa 7 tulimwingiza kwa nguvu, na mmoja akicheka wote saba walitikisika. Wanaochunguza mambo ya umati wanasema hapo ndipo watu wanapoacha kwenda kwa hiari yao wakawa kama maji, wimbi linapita mwilini mwao. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa wimbi. Kuanzia sasa mmoja wetu atakaa juu kando ya jukwaa, kazi yake ni kuhesabu kwa macho tu: akiona eneo limefika watu 5 kwa mraba, anamwashiria wa mitambo. Wa mitambo anazima muziki, hazimi taa. Mshereheshaji anazungumza na walio nyuma kabisa, kwa upole, warudi hatua tatu. Kuwaambia walio mbele warudi nyuma hakusaidii, hawana pa kurudi.

Sasa uzio wenyewe. Kukodi Mombasa kunawezekana, lakini mzigo ushushwe Mokowe, upande boti, kisha uvutwe kwa mikokoteni. Nauli inakaribia bei ya kukodi. Tuliamua kumjaribu fundi wetu wa kuchomelea, atengeneze vipande viwili vya mfano. Tulivipima kwenye ghala la Langoni. Juu ya ubao wa chini tuliweka mifuko ya mchanga (mlioomba msimame wenyewe, shukrani, ila hapana). Tulifunga kamba kwenye ukingo wa juu wa kipande, ikapita kwenye kapi la jahazi, na upande wa pili ikaning'inia mapipa ya lita 200, tukawa tunajaza maji polepole. Lita moja kilo moja, hakuna hesabu nyepesi kuliko hiyo. Kipande cha kwanza kilipasuka kwenye maungo ya mhimili wa nyuma kabla pipa la pili halijajaa. Sauti yake ilimtoa paka wa ghala hadi leo hajarudi. Fundi hakukasirika; alikikata cha pili, akaongeza kipande cha pembetatu kwenye kila pembe, akachomelea upya pande zote mbili. Kilibeba mapipa mawili na nusu. Kilipinda kidogo, kikabaki kimesimama.

Sitaki tushangilie mapema. Pipa la maji linavuta taratibu, watu husukuma kwa mapigo. Na chumvi ya hapa inakula maungo ya chuma kwa ndani kabla hujaona kutu nje. Nimeandika barua kuomba mhandisi aje kuvikagua, na bila sahihi yake hatutatengeneza kipande cha tatu. Vikipita, vitapakwa zinki. Kwa Shela, kule ufukweni, kuna jambo la ziada: mchangani ubao wa chini huzama upande mmoja na uzio wote ukainama, kwa hiyo tutahitaji mbao pana za kutandika, na ratiba isomwe pamoja na kalenda ya bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana.

Mkunguni, kwa mpango wowote, uzio hautafunga pembe. Ukuta wa ngome upande mmoja, jukwaa upande wa pili, na tukiongeza vyuma upande wa tatu tumejenga zizi kwa mikono yetu. Njia ya kushukia pwani itaachwa wazi. Watoto watapewa ubavu wao wenye kuona vizuri, si mbele katikati. Najua kina mama watalalamika, na nimewaomba wake zetu watusaidie kulieleza.

Kazi moja tuliikataa mwaka huu. Mwandalizi wake alitaka vyuma vilevile vya barabarani na njia ya nyuma isiwepo. Nilimrudishia arubuni. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote za msimu, na baadhi yenu mlinisema barazani, habari zilinifikia. Kazi ilifanywa na wengine na haikutokea ajali. Mnaweza kusema nilikosea. Mimi bado ningeirudisha.

Hesabu: zimekaguliwa, zimebandikwa ofisini. Tumefunga mwaka na akiba ndogo kuliko mwaka jana, kwa sababu ya arubuni hiyo, matibabu ya mwenzetu na vile vipande viwili. Jenereta kubwa ipo kwa fundi. Wanachama wapya ni wanne. Wenye madeni ya ada wanajijua.

Mkutano mkuu ni Jumamosi baada ya swala ya alasiri, ghalani Langoni badala ya ofisini. Kipande kilichopasuka sijakitupa, kiko mlangoni. Kile kizima kimefungwa katikati ya ghala, na kabla ya kupiga kura ya fedha za uzio kila mmoja atapata nafasi ya kukisukuma.